Namna ya Kufuatilia Historia ya Messerschmitt Me 262

Anayeanza kuichunguza Me 262 ya Ujerumani, ndege ya kivita ya jeti iliyoingia vitani mwaka 1944, hukwama mapema kwenye tarehe, kwa sababu maandishi hutaja siku tatu tofauti za kuruka kwake kwa mara ya kwanza, na zote tatu ni sahihi. Kwa hiyo, kabla hujanakili tarehe yoyote, uliza kwanza ndege iliruka kwa injini gani. Tarehe 18 Aprili 1941 iliruka kwa injini moja ya pistoni iliyofungwa puani, kwa kuwa zile za jeti hazikuwa tayari. Tarehe 25 Machi 1942 ilibeba injini mbili za jeti za BMW pamoja na ile ya pistoni. Za jeti zikazimika zote muda mfupi baada ya kupaa, na rubani wa majaribio, Fritz Wendel, akairudisha chini kwa injini ya pistoni. Tarehe 18 Julai 1942, huko Leipheim, ndipo iliporuka kwa nguvu ya jeti peke yake, kwa injini za Junkers Jumo 004.

Safari hiyo ya Leipheim isome kwa utulivu. Ndege ilikuwa bado na gurudumu la mkiani, na mkia ulipokuwa chini, mabawa yaliukinga upepo usifike vizuri kwenye bapa za nyuma zinazoinua na kushusha pua. Kasi ilipokaribia kilomita 180 kwa saa, Wendel aligusa breki kidogo, mkia ukainuka, na hapo ndege ikaanza kumtii. Ndiyo maana matoleo ya baadaye yalipewa gurudumu la pua, nawe ukiona picha ya Me 262 yenye gurudumu la mkiani, iweke kwenye kundi la ndege za majaribio.

Ukifika kwenye sababu za kuchelewa kwake, usikimbilie agizo la Hitler la kutaka ibebe mabomu. Agizo hilo lilivuruga mipango, lakini kwa maoni yangu injini ndiyo iliyoamua zaidi: Ujerumani ilikuwa na upungufu wa nikeli na kromiamu, hivyo sehemu nyingi za Jumo 004 zilizopaswa kuhimili moto mkali zilitengenezwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na injini ilidumu kwa saa 10 hadi 25 tu. Uzalishaji wake kwa wingi haukushika kasi hadi katikati ya mwaka 1944.

Mwisho, unapoandika kwamba zilitengenezwa ndege zipatazo 1,430, andika pia ni nani waliozitengeneza. Katika mahandaki ya Gusen, nchini Austria, viwiliwili vyake viliundwa na wafungwa wa kambi za mateso, na wengi wao walifia humo.