Kupata wasomaji wa simulizi yako mtandaoni, na kubaki nao mpaka sehemu ya mwisho

Simulizi nyingi za Kiswahili zinazoanzishwa Facebook na WhatsApp hufia njiani. Mtunzi anaweka sehemu ya 1 jioni moja akiwa na mzuka, likes zinamiminika, komenti za "muendelezo tafadhali" zinajaa, naye anaandika sehemu ya 2 usiku huohuo. Wiki ya tatu mtoto anaumwa, au kisa kimemfungia mlango hajui amtoe wapi mhusika wake. Anakaa kimya siku kumi. Akirudi, waliokuwa wanamsubiri wameshahamia kwa mtunzi mwingine, na safari nyingine hawamwamini hata akija na kisa kizuri zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ifanyike nje ya mtandao: maliza kuandika. Simulizi ya sehemu 40, kila sehemu maneno 900, ni maneno 36,000. Ukiandika maneno 600 kwa siku unamaliza ndani ya siku 60. Kama huwezi kabisa kusubiri, usianze kuweka hewani kabla hujawa na akiba ya sehemu 25. Akiba ikishuka chini ya 10, acha kila kitu uandike.

Maneno 800 hadi 1,000 ndiyo kipimo cha sehemu moja. Chini ya hapo msomaji anaona umemdhulumu. Ukizidisha sana, anaahirisha ("nitasoma baadaye"), na hiyo baadaye haiji. Chagua siku tatu za wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wamekwisha kula na simu ziko mkononi. Kisha usizibadilishe. Msomaji anazoea saa yako kama anavyozoea saa ya taarifa ya habari. Kuweka sehemu kila siku ni mbio ambazo wachache wanazimaliza, na ukiweka mara moja kwa wiki watu wanasahau majina ya wahusika.

Mistari mitatu ya mwanzo

Facebook na WhatsApp zote hukata maandishi marefu na kuweka kitufe cha kufungua zaidi. Kwenye Facebook, anachokiona mtu kabla ya kubonyeza ni mistari michache tu, na hapo ndipo watunzi wengi hupoteza wasomaji bila kujua. Angalia mwanzo huu:

"Habari zenu wapenzi wasomaji wangu, poleni na majukumu ya kutwa. Leo nawaletea simulizi mpya kabisa, kali ya kusisimua, usikose kufuatilia mwanzo mpaka mwisho…"

Kitufe kimekwisha kufika na hakuna kilichotokea. Sasa mwingine:

"Mwajuma alihesabu sahani mara ya pili. Nyumbani walikuwa watu sita. Sahani zenye mchuzi zilikuwa saba."

Huu wa pili lazima ubonyezwe. Salamu na namba ya sehemu viende chini, baada ya maandishi. Juu weka jina la simulizi kwa mstari mmoja mfupi, basi.

Mwisho wa sehemu nao una ufundi wake. Kukata sentensi katikati ("akafungua mlango, mara…") kunafanya kazi mara mbili au tatu, halafu wasomaji wanakuchoka, hasa wakikuta sehemu inayofuata kwamba aliyekuwa mlangoni ni paka. Kata pale mhusika anapotakiwa kuamua jambo na kila njia ina hasara. Hiyo ndiyo arosto (hamu kali ya muendelezo) ya kweli: msomaji anabaki akijiuliza yeye angefanyaje, na kwenye komenti watu wanaanza kubishana wao kwa wao. Ubishi huo unakuletea watu kuliko tangazo lolote la kulipia.

Kila mtandao na kazi yake

Facebook ni uwanja wa kuonekana. Fungua ukurasa, usitumie akaunti binafsi, maana akaunti binafsi ina kikomo cha marafiki 5,000. Kwenye makundi ya simulizi, muombe admin ruhusa kwanza, kisha weka sehemu ya 1 nzima palepale. Ukitupa linki peke yake, wengi hawaifungui. Mtu mwenye bando la kubana hajui linki itamla kiasi gani. Video na picha nzito nazo ziache. Jalada moja la mraba, pikseli 1080 kwa 1080, lenye jina la simulizi kwa herufi kubwa linatosha kwa sehemu zote.

WhatsApp ni sebule yako, lakini sebule hiyo ina vyumba vitatu na watu huvichanganya.

Kundi linachukua watu 1,024. Tatizo lake kubwa ni kwamba namba za wote zinaonekana. Wasomaji wa simulizi, hasa za mapenzi, wengi ni akina mama na dada, na kundi likifika watu mia mbili hakosekani mwanamume wa kuanza kuwaingilia inbox. Wanaondoka kimyakimya bila kukuambia sababu. Ukiamua kuwa na kundi, liweke admin peke yake ndiye anayeandika. Hilo litapunguza kelele, ila namba bado zinaonekana.

Chaneli inaficha namba na haina kikomo cha wafuasi. Kasoro yake ni kumbukumbu: WhatsApp ilipoanzisha chaneli mwaka 2023 ilieleza kwamba taarifa za chaneli hukaa kwenye seva zake siku 30. Simulizi yako ya sehemu 40, kwa sehemu tatu kwa wiki, inachukua zaidi ya wiki 13. Anayejiunga ukiwa sehemu ya 25 asitegemee kuikuta sehemu ya 1 humo. Mwekee sehemu zote za bure kwenye ukurasa wa Facebook au chaneli ya Telegram, ambako za zamani hubaki, na mpe linki hiyo kila wiki.

Cha tatu, orodha ya matangazo (broadcast list), ndiyo mali yako hasa. Orodha moja inachukua watu 256, kila mtu anapokea ujumbe kama umeandikiwa yeye, na hakuna anayeona namba ya mwenzake. Ila ujumbe haumfiki ambaye hajaisevu namba yako. Kwa hiyo kila anayeomba muendelezo mpe maelekezo haya: "Sevu namba hii, halafu nijibu NIMESEVU na jina lako." Asiyejibu usimwingize. Waliojibu waandike pia kwenye daftari au jedwali, jina na namba, nje ya simu.

Daftari hilo si la mapambo. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizimwa Tanzania, na watu waliokuwa wamejenga kila kitu chao kule wakabaki na wafuasi wasioweza kuwafikia. Namba ya WhatsApp nayo inafungiwa ukituma ujumbe kwa watu wasiokujua wakakuripoti, au ukitumia WhatsApp za kuchakachua, yaani zisizo rasmi. Tumia laini tofauti na ya familia, na itumie mara kwa mara. Laini iliyoachwa hufungwa na namba hupewa mtu mwingine.

Kuhusu "nifuate nikufuate" na kununua likes: utapata watunzi wenzako wanaotafuta kufuatwa, si wasomaji.

Hesabu waliobaki

Idadi ya wafuasi haikuambii kitu. Kwenye chaneli ya Telegram kila ujumbe una alama ya jicho na idadi ya waliouona; linganisha sehemu ya 3 na ya 10 zikiwa zimekaa hewani muda uleule, tuseme siku tatu kila moja. Ukipoteza nusu ya watu kati ya 1 na 3, mwanzo umechelewa kuingia kwenye kisa. Wakikatika kuanzia 8 hadi 12, kawaida umeongeza wahusika wapya wengi au mhusika mkuu amekaa tu akiwaza. Rudi kwenye akiba urekebishe zilizobaki kabla hazijatoka. Hapo ndipo faida ya kuwa na akiba inapoonekana.

Kuuza

Usiuze sehemu mojamoja. Makato ya kutuma pesa yanamuumiza msomaji kwenye kiasi kidogo, na wewe utakesha ukijibu inbox. Ukiamua kuuza, toa bure sehemu 15, kisha uza zilizobaki kwa pamoja kama PDF, tuseme Tsh 3,000. Kenya, Ksh 100 ni bei nzuri kwa sababu kutuma hadi kiasi hicho kwa M-Pesa hakuna makato. Zile za bure endelea kuzisambaza taratibu kwa wapya.

PDF ya ukubwa wa A4 kwenye simu haisomeki. Msomaji anavuta kushoto na kulia mpaka anakata tamaa. Tengeneza ya A6, herufi ukubwa wa 14, pembezoni sentimita 1. Kila nakala iandike jina la mnunuzi na tarakimu nne za mwisho za namba yake chini ya kila ukurasa. Haitazuia kuvujishwa, lakini mtu anafikiri mara mbili kabla ya kulisambaza jina lake mwenyewe. Malipo yahakikishe kwenye salio lako, kamwe usitegemee picha ya ujumbe aliokutumia mnunuzi. Hizo zinaghushiwa kwa dakika moja.

Wezi wa kukopi na kupesti hukata kichwa na mkia, kwa hiyo jina lako na namba viweke pia katikati ya maandishi. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, maana Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki. Kusajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) au KECOBO (bodi ya hakimiliki Kenya) kunakupa ushahidi wa kushika mkononi. Na kama mswada huo unataka kuupeleka kwa mchapishaji au kwenye tuzo, soma masharti yao kabla hujaweka chochote hewani. Wapo wasiopokea kazi iliyokwisha kusomwa na umma.

Siku ya sehemu ya mwisho, chini kabisa, taja jina la simulizi inayofuata na tarehe ya sehemu yake ya 1. Isizidi wiki mbili.