Kuhesabu ncha za jenereta kabla ya kugusa gavana

Kasi ya jenereta, inayorekebishwa kwenye gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini), haichaguliwi na fundi. Idadi ya ncha za sumaku kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka ndani ya jenereta, ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi kwa dakika ili umeme utoke kwa hezi 50 (mawimbi 50 kwa sekunde) zinazotumika Kenya.

Hatua ya kwanza ni kusoma kibati kilicho ubavuni mwa jenereta. Zidisha hezi kwa 120, kisha gawanya kwa mizunguko ya dakika moja, nawe utapata idadi ya ncha. Hiyo 120 inatokana na sekunde 60 za dakika na ncha ambazo huja mbili mbili, kaskazini na kusini, kila jozi ikizalisha wimbi moja inapoipita koili. Jibu likiwa namba witiri, umesoma kibati vibaya.

Hatua ya pili ni kugeuza hesabu: gawanya 6000, yaani 120 mara hezi 50, kwa ncha. Ncha 2 hutaka mizunguko 3000, kama vijenereta vya petroli vinavyonguruma nje ya maduka. Ncha 4 hutaka 1500.

Hatua ya tatu yahitaji uangalifu zaidi hapa Mombasa, kwa kuwa jenereta zinazoshushwa melini mara nyingi ni za hezi 60. Yenye mizunguko 1800 ina ncha 4, na ya 720 ina ncha 10. Ukiiendesha ya kwanza kwa 1800 nchi kavu, mota ya pampu itakimbia asilimia 20 zaidi, na kwa kuwa mzigo wa pampu ya maji hukua kwa mchemraba wa kasi, itadaiwa nguvu karibu mara 1.7. Ukiishusha hadi 1500, volti 440 zinakuwa takriban 367. Kulazimisha 415 kwa kuongeza mkondo wa rota hushibisha chuma sumaku kupita kiasi na kuchemsha koili.

Mwisho, pima hezi kwa mita, si kwa sikio. Niliwahi kuitwa Likoni kwenye jenereta ambayo mtu aliipandisha mwendo mpaka volti zikasoma 240, ilhali kasoro ilikuwa kwenye kidhibiti cha volti. Hezi zilikuwa 57. Kwa gavana ya springi, weka hezi 52 bila mzigo, yaani mizunguko 1560 kwa ncha 4, kisha washa mzigo wote na uhakikishe hezi zinatulia karibu na 50. Hapo ndipo urekebishe volti, tena kwenye kidhibiti chake.