Somo: Kufungua mafaili ya Google Takeout bila kupoteza picha zako

Wakuu, salaam. Google Takeout ni huduma ya Google ya kupakua nakala ya vitu vyako vilivyo kwenye akaunti.

Mwaka jana mama yangu mdogo alijaza zile GB 15 za bure za Google, barua pepe zikaacha kuingia. Fundi mmoja akamwelekeza apakue picha zote halafu azifute mtandaoni. Akapakua mafaili manne, akafuta. Wiki mbili baadaye akaniletea kompyuta: faili la tatu halifunguki, na humo ndimo zilimokuwa picha za marehemu mumewe. Tuliziokoa kwa sababu Google Photos huziweka picha zilizofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 60. Siku hizo zingepita, tusingezipata tena. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, nawaomba: usifute kitu kwenye akaunti mpaka kila faili limefunguka na umeviona vilivyomo kwa macho yako.

Hatua ya 1: Kuagiza

Ingia takeout.google.com. Utakuta kila kitu kimewekewa alama ya vema. Ondoa zote, kisha chagua unachohitaji tu. Ukurasa unaofuata utakuuliza aina ya faili, zip au tgz (zote ni vifurushi vinavyobeba mafaili mengi ndani ya moja). Chagua zip, maana kompyuta na simu nyingi huifungua bila programu ya ziada.

Kwenye ukubwa, mimi huchagua GB 2. Mtandao wetu tunaujua. Faili la GB 50 likikatikia njiani umepoteza bando lote, ila la GB 2 unalirudia hilo hilo moja. Tena zip inayozidi GB 2 hutengenezwa kwa mfumo wa zip64, ambao kompyuta za zamani hazielewi.

Maandalizi huchukua saa kadhaa, wakati mwingine siku. Ikiwa tayari utapata barua pepe yenye kiungo. Kiungo hicho hudumu kama siku 7, na kila faili unaruhusiwa kulipakua mara 5 tu. Usiagize wiki ambayo huna bando.

Hatua ya 2: Kupakua na kukagua

Pima nafasi kwanza. Picha za JPEG zimeshabanwa tangu kwenye kamera, hivyo zip haizipunguzi kitu cha maana. Mafaili ya GB 20 yatahitaji karibu GB 20 nyingine ya kuyafungulia, jumla GB 40.

Mafaili huja na majina marefu yanayoishia 001, 002, 003 na kuendelea. Hesabu kama yote yapo, kisha linganisha ukubwa wa kila moja na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Lililopungua sana limekatika. Lipakue upya sasa hivi, kiungo kikiwa bado hai. Kwa mama mdogo hatua hii ndiyo iliyorukwa.

Hatua ya 3: Kufungua

Hapa ndipo wengi wanapokosea, twende polepole.

Kwenye Windows ukibofya zip mara mbili utaona vilivyomo, na utadhani umeshafungua. Bado. Hapo unachungulia tu. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Extract All", na kwenye kisanduku cha njia (mahali mafaili yatakapowekwa) futa kilichoandikwa, uandike D:\picha au jina jingine fupi. Ufupi una sababu: Windows kwa kawaida hukataa njia ya faili inayozidi herufi 260, na folda za Takeout zina majina marefu.

Sasa faili la pili, la tatu, na yote yaliyobaki: yaelekeze kwenye folda ile ile. Kila zip inajitegemea, lakini ndani yake kuna folda inayoitwa Takeout, na zikikutana mahali pamoja huungana zenyewe. Ukiacha kila moja ijitengenezee folda yake, utakuta picha iko 001 na maelezo yake yako 004. Ukiwa na mafaili kumi au zaidi, weka 7-Zip, programu ya bure: unayachagua yote na kuyafungua kwa pamoja.

Aliyechagua tgz atumie 7-Zip hiyo hiyo, ila atafungua mara mbili. Mara ya kwanza anapata faili la tar, mara ya pili ndipo zinatoka folda.

Hatua ya 4: Kusoma ulichopata

Anza na faili la archive_browser.html, likifunguka kwenye kivinjari linakupa orodha ya vyote. Barua pepe zimo kwenye faili moja la mbox, linalosomwa kwa Thunderbird, programu ya barua pepe, ikiongezewa kiongezi cha ImportExportTools NG. Namba za watu zimo kwenye faili la vcf, kalenda kwenye la ics.

Pembeni ya picha utakuta mafaili madogo ya JSON, yaani maandishi yenye maelezo ya picha. Tafadhali usiyafute kwa kudhani ni uchafu. Picha iliyopitia WhatsApp hufika bila tarehe ya kamera ndani yake, hivyo tarehe iliyobaki ni ile iliyoandikwa kwenye JSON, kwa hesabu ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Programu ya ExifTool inaweza kuirudisha ndani ya picha.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mimi nina simu tu. Nafanyaje?*

Inawezekana ndugu yangu, kwa zip. Kwenye Android fungua programu ya Files ya Google, gusa faili, kisha ukubali kulifungua. Agiza mafaili ya GB 1 na uangalie nafasi kwenye simu. Barua pepe za mbox zisubirie kompyuta.

*Nikihamisha kwenye flashi inasema faili ni kubwa mno, na flashi ni ya GB 64, tupu kabisa.*

Flashi yako ni ya mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja la kuanzia GB 4. Ifomati upya kwa exFAT. Kama ina vitu, vihamishe kwanza, kufomati kunafuta vyote.

*Naweza kufanyia intaneti kafe?*

Dada, kama kuna njia nyingine, usifanye. Hayo mafaili ni maisha yako yote: barua, namba, picha za watoto. Ukilazimika, tumia dirisha la faragha, pakulia moja kwa moja kwenye flashi yako na ufungulie nyumbani. Kabla ya kuinuka toka kwenye akaunti, kagua folda ya Downloads na pipa la taka. Kisha badilisha nywila ukitumia simu yako.

*Nimetumiwa kiungo kwa barua pepe, zip inadai nywila. Nywila ya Gmail imekataa.*

Simama hapo hapo. Zip ya Takeout haina nywila. Kama hukuagiza mwenyewe, hilo faili si lako, lifute bila kulifungua. Na kama uliandika nywila ya Gmail kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa na kiungo hicho, ibadilishe sasa hivi, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, halafu ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, uondoe kila kifaa usichokitambua.