Giligilani ya dirishani: pasua punje kwanza

Mbegu za giligilani za duka la viungo (Wakenya mnaita dania) huota vizuri tu, mradi ni nzima na hazijakaangwa. Ila usizifukie zilivyo. Kila punje ina mbegu mbili ndani: ibingirishe chini ya chupa mpaka ipasuke, usiisage, kisha loweka usiku kucha. Kopo la siagi lililotobolewa chini linatosha. Fukia kina cha sentimita 1, weka dirishani penye jua la asubuhi. Huchomoza baada ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo usianze kufukuafukua siku ya nne kama mimi. Na miche usiihamishe. Mzizi ukisumbuliwa, mmea hukimbilia kutoa maua.