Kabla ya kutundika mashine ya kushtua moyo uwanjani

Mashine ya kushtua moyo, ile yenye herufi AED kwenye kasha, haihitaji daktari. Inatoa maelekezo kwa sauti, inasoma mwenendo wa moyo na inagoma kutoa shoti pasipohitajika. Mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alipoanguka uwanjani Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo palepale kwenye nyasi. Kamati nyingi huanza kwa kuulizia bei. Bora kuanza na saa.

Moyo ukitetemeka bila kusukuma damu, kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua wala shoti hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Simama kona ya mbali kabisa ya uwanja, nenda kwa haraka hadi mashine itakapowekwa, kisha urudi. Zikizidi dakika 3, ihamisheni. Pimeni siku ya mechi, watu wakiwa wamejaa njiani. Kabati lisifungwe kwa ufunguo unaolala kwenye droo ya meneja. King'ora cha mlangoni kinatosha kumshtua mwizi.

Joto nalo huiharibu. Mashine nyingi zimetengenezwa kukaa kati ya nyuzi 0 na 50, na gari lililofungwa juani huweza kupita hapo, kwa hiyo buti ya gari la kocha si stoo. Pedi, yaani vibandiko vya kifuani vinavyopitisha umeme, zina jeli inayokauka: nyingi hudumu takriban miaka 2, nazo betri zina ukomo wake. Ulizeni bei ya vitu hivyo kabla ya kulipia mashine, maana hapo ndipo mashine za msaada hufia. Kila wiki mtu mmoja aangalie taa ya hali na tarehe za kuisha muda, aweke sahihi. Pakiti ya pedi isifunguliwe kwa ukaguzi.

Kando ya mashine wekeni mkasi imara, wembe, taulo, glovu na kanga. Pedi haishiki vizuri kwenye nywele nyingi, na kifua chenye jasho huacha umeme upite juu ya ngozi badala ya kuufikia moyo. Kanga ni ya kusitiri: kifua cha mwanamke lazima kiachwe wazi pedi zinapobandikwa, na watu wakianza kuoneana haya hapo, muda unakwenda. Kubalianeni mapema nani ataishika. Mtoto wa chini ya miaka 8 au kilo 25 ana pedi zake. Zisipokuwepo tumieni za watu wazima, moja kifuani katikati, nyingine mgongoni.

Mafunzo yaanze na walinzi, kwani wao wapo hata usiku. Mmoja anakandamiza, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Wa pili anapiga 112. Wa tatu anakimbilia mashine. Mgonjwa akihema kwa vipindi virefu huku akikoroma, msidhani anapumua. Kukandamiza kusisimame pedi zinapobandikwa, ila mashine ikisema asiguswe. Baada ya shoti wengi husimama kutazama kama ameamka; hapana, rudini kifuani mara moja. Hata mashine ikisema shoti haihitajiki, haimaanishi amepona. Pedi zibaki mwilini na mashine ibaki imewashwa hadi wahudumu wa gari la wagonjwa wapokee, na pedi mpya ziingie kabatini kabla ya mechi nyingine kuchezwa.