Sasisho Likiangusha Kompyuta ya Busia Nawe Uko Kisumu

Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya mwezi, simu yangu huanza kulia kabla chai haijapoa. Masasisho ya kila mwezi ya Windows hutolewa Jumanne hiyo saa nne asubuhi huko pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kompyuta zilizoachwa zikiwaka huyameza tukiwa tumelala. Mimi natunza 31 za muuzaji wa mbegu na mbolea, nikiwa katika chumba kimoja hapa Kibuye, Kisumu, na nyingi ziko Busia, Bungoma na Migori.

Kwa hiyo kwanza kabisa, zisipate sasisho zote siku moja. Windows Pro inaruhusu kuchelewesha masasisho ya mwezi hadi siku 30. Matawi nimeyapa siku 10. Mbili za Kisumu hazicheleweshwi: yangu, na ya mhasibu, maana yeye kitu kikienda upande kidogo tu jengo zima litasikia. Ya kujaribia iwe na vifaa vilevile vya tawini. Niliwahi kujaribu kwenye yangu peke yake, nikaona shwari, kumbe haina printa ya risiti. Bungoma waliandika risiti kwa mkono siku mbili.

Ucheleweshaji huo haugusi programu za kampuni nyingine. Machi moja, wakulima wamepanga foleni ya mbolea, programu ninayoingilia kompyuta za mbali ilijisasisha yenyewe Ijumaa jioni. Jumamosi ikakataa kunifungulia mpaka aliyekaa mbele ya kompyuta abonyeze kukubali. Kompyuta 11. Ni kama kufungiwa nje, na ufunguo unauona kupitia dirishani, uko mezani. Tangu siku hiyo kila kompyuta ina njia mbili za kuingilia, za watengenezaji tofauti, na zote nimezizuia kujisasisha. Nazisasisha mwenyewe, moja wiki hii, nyingine wiki ijayo.

Lakini hata njia kumi hazifai kitu kompyuta isipowaka. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, programu ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na nyingi zilihitaji mtu wa kuketi mbele yake na kufuta faili. Mtu huyo mtafute mapema, kila tawi. Busia ni dada wa kaunta. Hajasomea kompyuta, ila anasoma kilichoandikwa, si anachodhani kimeandikwa. Meneja wake hawezi hilo.

Kwenye simu, "imekataa" si jibu. Omba picha ya skrini kwa WhatsApp kabla hajagusa chochote. Uliza stima ikoje, kwani ikipotea katikati ya kuondoa sasisho utakuwa na matatizo mawili. Kama kompyuta inawaka, liondoe mwenyewe ukiwa mbali, kwa ile namba ya sasisho inayoanza na KB. Kama haiwaki, mwambie ashikilie kitufe cha kuwasha mpaka izime, awashe, arudie; mara ya tatu hivi huja skrini ya buluu ya ukarabati. Hapo mtajie maneno kama yalivyo: "Troubleshoot", "Advanced options", "Uninstall Updates", kisha "Uninstall latest quality update".

BitLocker, kufuli ya Windows inayolinda diski, ikiomba ufunguo wake wa tarakimu 48, tulia. Ni makundi 8 ya tarakimu 6: soma kundi moja, alirudie, ndipo uendelee. Ila kabla ya hapo akusomee alama 8 za mwanzo za kitambulisho kilichoandikwa pale kwenye skrini. Mimi na dada wa Busia tulisoma zote 48, polepole, wateja wakisubiri, ndipo nikagundua nimeshika karatasi ya kompyuta ya stoo. Naam, karatasi. Funguo zangu zimechapishwa, zimo kabatini. Faili ya funguo iliyo ndani ya kompyuta iliyojifunga haikusaidii.

Ikiwaka, simamisha masasisho papo hapo. Windows inakubali hadi siku 35. Usipofanya hivyo sasisho lile litarudi usiku uleule, na kesho dada atakupigia kwa sauti nyingine kabisa. Halafu mtumie salio. Muda wote huo alikuwa anatumia lake.