Krimu ya upele wa nepi: geuza boksi kwanza

Ukienda duka la dawa kutafuta krimu ya upele wa pampasi, usivutwe na picha ya mtoto anayecheka. Geuza boksi utafute zinki oksaidi: asilimia 10 hivi yatosha kwa kinga; ngozi ikishakuwa nyekundu, panda hadi 40. Paka nene kama siagi kwenye mkate, juu ya ngozi iliyokauka kabisa. Ukibadilisha pampasi usiikwangue krimu yote, futa kinyesi tu kisha ongezea. Yenye manukato iache. Na ile yenye betamethasoni (dawa kali ya steroidi), ambayo wauzaji wengine hukutolea harakaharaka, usiipake bila daktari. Wekundu ukiingia kwenye mikunjo ya mapaja, na vijipele vimetapakaa pembeni, mara nyingi huwa ni fangasi. Zinki peke yake haitamaliza.